Kukata chujio la moshi si kutengeneza pikapu

Shemeji yangu ana pikapu ya dizeli, mtumba wa Japani, anayosambazia maji ya chupa na barafu madukani. Inatoka Kongowea, inaingia Majengo, inafika Mji wa Kale, inarudi. Miezi miwili nyuma taa ya injini iliwaka na gari likakosa nguvu. Ukikanyaga mafuta halipandi. Akalipeleka gereji. Fundi akachomeka kompyuta, akasoma kidogo, akasema: "DPF imeziba. Hapa Kenya haina kazi, tuitoe." Bomba likakatwa, chujio likatolewa, bomba likachomelewa tena, na programu ya injini ikabadilishwa isilitafute tena. Shemeji akalipa, akaondoka akicheka.

Furaha ile ilidumu wiki tatu.

Naandika haya kwa sababu hayuko peke yake. Kazi hii inatangazwa waziwazi mitandaoni, na wengi wetu tumeamini kuwa chujio ni urembo wa Wazungu na Wajapani.

DPF ni chujio la masizi lililo kwenye bomba la moshi. Likishajaa kiasi, injini huongeza joto la moshi hadi karibu digrii 600 ili masizi yateketee. Kwa hilo gari linataka mwendo wa kutulia, dakika kumi na tano au ishirini hivi. Pikapu inayokwama Buxton na kuzimwa kila duka haiupati. Kwa hiyo fundi alisema kweli, chujio lilikuwa limeziba. Asichouliza ni limezibwa na nini.

Maana chujio linaloziba mapema mara nyingi linabeba ugonjwa wa mahali pengine. Injekta ikivuja, dizeli haiungui yote, masizi yanazidi. EGR, ile vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako, ikikwama wazi, injini inakosa hewa safi. Mpira wa hewa wa tabo ukipasuka, hali ni hiyo hiyo. Tabo ikivuja oili, chujio ndilo linalopokea. Tena kuna siku chujio ni zima kabisa, kilichokufa ni sensa ya kupima mgandamizo, au vipira vyake vidogo vimeziba. Na oili nayo: magari haya yanataka oili ya majivu machache. Ukitia yoyote ya bei rahisi, masizi yatachomeka lakini majivu yatabaki humo.

Kwa shemeji ilikuwa injekta ya tatu. Chujio lilipotoka, taa ikanyamaza, na dizeli ikaendelea kutiririka ndani ya silinda, ikishuka na kuchanganyika na oili. Fundi wa pili alichomoa kijiti cha kupimia: oili imepita alama na inanuka dizeli. Oili nyepesi namna hiyo hailindi beringi. Angeongeza mwezi mmoja, wallahi tungekuwa tunazungumzia injini nzima.

Utasikia watu wakisema mafuta yetu ni machafu, chujio haliwezi kuishi hapa. Zamani maneno hayo yalikuwa na uzito. Lakini tangu Januari 2015 kiwango cha salfa katika dizeli ya Kenya kilishushwa kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa milioni. Mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa nao ulibanwa mwaka 2018, serikali ilipotoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa (na mama zetu wenye stovu ndio walioumia, lakini hiyo ni makala nyingine).

Si sisi tu. Marekani, shirika lao la mazingira, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vifaa hivi katika miaka kumi. Uchafu uliozidi hewani ulikuwa sawa na kuongeza pikapu nzima zaidi ya milioni 9 barabarani. Huko gereji na wauzaji wa programu hizo hupigwa faini.

Sisi tuna kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2014, na tuna sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane. Lakini sheria hiyo ya pili inatazama gari lilizaliwa lini. Likishatoka Kilindini, msumeno unaweza kulirudisha miaka ishirini nyuma kwa mchana mmoja. Pikapu ni gari la biashara, hupelekwa ukaguzi kila mwaka. Lau moshi ungepimwa kwa mashine kwa ukali ule ule wa breki, gereji zingeacha zenyewe.

Moshi wa dizeli uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Shemeji huegesha pikapu nje ya chuo mtaani, madirisha wazi, watoto wanasoma. Kutodhuriana tulisomeshwa humo humo.

Injekta imebadilishwa, gari lina nguvu, moshi mweusi umepungua lakini masizi yaliyobaki hayana pa kunaswa. Shemeji sasa anatafuta chujio la mtumba na bei imemtoa jasho. Lile lake lilibaki kwa fundi wa kwanza. Ndani ya vyujio hivyo mara nyingi mna platinamu, na wanunuzi wapo. Kulitoa alilipa yeye.