Tabianchi na Lugha: Kaunti ya Tana River Inazungumza na Nani?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mkazi wa Tarasaa, mji mdogo katika eneobunge la Garsen, ana sababu ya kuutilia shaka usemi huu. Mto Tana unaanzia nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, mamia ya kilomita kutoka delta. Mvua kubwa ikinyesha huko, maji huteremka kwa siku kadhaa na kuyafunika mashamba ya Garsen hata kama mbingu ya Garsen yenyewe ni nyeupe. Hivyo basi, tangazo kwamba kaunti itapata mvua ya wastani halimwambii mkulima huyu lolote kuhusu mto. Yeye hutaka kujua maji yatafika lini, yatafika wapi, na mifugo ihamishwe upande gani.

Swali hili si la kinadharia. Kati ya mwaka 2020 na 2023 maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua kwa misimu mitano mfululizo, na Tana River ikapoteza mifugo mingi. Kabla vidonda havijapona, mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaondoa watu makwao na kukata barabara karibu na Garsen. Wazee wanakumbuka pia El Niño ya 1997 na 1998, iliyoharibu miundombinu ya mradi wa mpunga wa TARDA katika delta hiyo hiyo.

Si kweli kwamba serikali imekaa kimya. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inazitaka kaunti kuingiza suala hili katika mipango yao ya maendeleo. Mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua zinazoongozwa na wenyeji, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2021, unazitaka kaunti ziwe na sheria na hazina ya tabianchi pamoja na kamati za kupanga katika kila wadi. Wazo hili ni jema. Badala ya ofisi ya Nairobi au Hola kuamua kisima kichimbwe wapi, wanaokunywa maji hayo ndio wanaopaswa kusema.

Tatizo ni kwamba atakayesema lazima kwanza aelewe anachoulizwa. Nyaraka za mipango ya kaunti nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwanakamati wa wadi huletewa rasimu nene, akafafanuliwa kwa dakika chache, kisha akatakiwa atie sahihi. Je, huko ni kushirikishwa au ni kushuhudia?

Hata Kiswahili kinapotumika, istilahi huyumba. Wapo wasemao "mabadiliko ya hali ya hewa" na wapo wasemao "mabadiliko ya tabianchi", ingawa hali ya hewa hubadilika kila siku na tabianchi hupimwa kwa miongo. Neno "kukabiliana" nalo limebebeshwa mizigo miwili: kupunguza chanzo cha joto la dunia, na kuhimili athari zake. Mfugaji wa Tarasaa hahusiki sana na mzigo wa kwanza. Wa pili ndio unaomwelemea. Asipotofautishiwa, atadhani anaombwa kutatua kosa ambalo si lake.

Neno "mafuriko" lenyewe linahitaji uangalifu. Kwa vizazi vingi Wapokomo wamepanda mpunga wakifuata kupanda na kushuka kwa maji ya mto. Kwao mafuriko ya msimu ni mbolea na mavuno. Yanayoua ni yale yajayo ghafla na kupita kiasi. Mabwawa ya mto wa juu, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yameubadilisha mwenendo huo wa kale. Mpango unaotangaza vita dhidi ya mafuriko yote unaweza kumnyima mkulima maji anayoyasubiri.

Waorma nao wana neno "malka", yaani njia ya kuwafikisha ng'ombe mtoni. Ramani ya mradi isiyolijua neno hilo inaweza kuchora shamba juu ya njia ya mifugo. Matokeo yanajulikana. Katika mapigano ya 2012 na 2013, yaliyochochewa na ugomvi wa ardhi, maji na siasa, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii.

Wapo watakaosema kwamba wahisani husoma Kiingereza, na kwamba fedha haziji kwa tafsiri. Hoja hii ina ukweli nusu. Ripoti ya mhisani na iandikwe kwa lugha ya mhisani. Lakini mpango wa wadi ni mali ya wadi. Wengine watasema kuwa lugha haizuii maji. Ni kweli, lakini onyo lililoeleweka huwahamisha watoto kabla maji hayajafika.

Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinapohusika. Tasnifu nyingi huandikwa kuhusu istilahi, kisha hukaa rafuni. Wanafunzi wa tafsiri wangeweza kuufasiri mpango mmoja wa wadi, wakauhakiki pamoja na wazee wa Kipokomo na Kiorma, na kuirejeshea kamati nakala isomeke hadharani. Serikali ya kaunti nayo iweke sharti kwamba hakuna mpango wa tabianchi utakaopitishwa kabla ya kuwapo kwa Kiswahili. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kujenga upya kijiji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika delta ya Tana, ufa mmojawapo ni lugha.