Kadi hazitaki vidole vya spidi

Wasee, tuache kudanganyana: mazingaombwe ya kadi si lazima uwe na vidole vya haraka. Watu wameliwa pesa sana na pata potea mtaani. Ukianza tu kuchezesha vidole, kila mtu anashika mfuko wake. Hadithi ndiyo inawatuliza.

Jaribu wezi wanne. Panua J nne mkononi, na nyuma ya J ya mwisho ufiche kadi tatu za kawaida. Waonyeshe, zikusanye, zilaze kifudifudi juu ya deki. Deki ni ghorofa ya River Road, wezi wametua kwa paa. Wa kwanza anaingia graundi, wa pili ghorofa ya pili, wa tatu katikati. Ni zile kadi zako tatu, lakini hakuna anayeuliza, juu wote wanataka kujua waliiba nini. Wa nne amebaki kwa paa akilinda (huyu unaweza kumwonyesha). Polisi hao! Wezi mbio juu: J, J, J, J.

Wengi huharibu wakisema "sasa kadi hii naiweka hapa". Nani anajali kadi? Mwizi mmoja mpe jina la yule beshte yenu wa kuchelewa, akwame kwa ngazi. Na ukiombwa urudie, kataa, hata kama ni cuzo.