Lubumbashi: Kabla ya kupanda mboga ndani ya mfuko, uliza udongo umetoka wapi

Mwezi wa 8 mwaka 2024, Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, kwa ugomvi wa biashara uliotokana na Kongo kukataza bia na vinywaji baridi kuingia nchini. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 29 Februari, nchi hiyo hiyo ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa. Wakaaji wa Lubumbashi hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza maana yake. Mahindi na unga wa bukari hutoka sana upande ule, na lori likikwama mpakani, sufuria inakwama nyumbani.

Kila shida ya namna hii inarudisha shauri lilelile: lima nyumbani. Asiye na nafasi katika lupango lake apande ndani ya mfuko wa unga uliobaki mtupu, bidoni lililokatwa katikati, beseni lililotoboka au tairi kuukuu. Tuseme wazi kwamba mfuko hautatoa bukari. Unatoa kitoweo cha kando: lengalenga, matembele, ngai-ngai, shu ya Shinwa, nyanya chache, pilipili. Hata hivyo, kwa mama anayenunua mboga kila siku, hiyo si kitu kidogo. Shauri ni zuri. Lakini katika mji huu lina pengo, kwa sababu linasema mengi juu ya chombo na halisemi kitu juu ya udongo unaowekwa ndani.

Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru la Union Minière lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Kwa miaka mingi kampuni ililisha wafanyakazi wake. Posho ya unga ilikuwa sehemu ya mshahara. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, na zaidi baada ya wafanyakazi wapatao 10,000 kuondolewa mwaka 2003 na 2004 katika mpango wa Benki ya Dunia uliopewa jina la “kuondoka kwa hiari” (hiari ya nani, wengi wanauliza mpaka leo), jembe liliingia katika kila lupango. FAO, kwa fedha za Ubelgiji, nayo ikasaidia walimaji wa mboga hapa na Likasi. Kulima mjini si mtindo mpya uliotoka kwenye simu. Ni namna ambayo familia nyingi zilivuka miaka migumu.

Sasa tuangalie ardhi yenyewe. Upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa tanuru ulikuwa ukielekea kaskazini-magharibi na kudondosha shaba, kobalti, risasi, zinki na kadimiamu njiani. Mtaa wa Penga Penga uko katika njia hiyo. Miti ya asili ilikufa, mvua ikabeba udongo wa juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) walipotaka kurudisha miti pale, ilibidi wachimbe mashimo na kuongeza chokaa na mbolea ya asili ndani yake ili mizizi ipate mahali pa kuishi. Ukifikiri vizuri, shimo lile ni kama chungu kilichozikwa. Wanasayansi walifanya bustani ya chombo kabla sisi hatujaanza kuizungumzia.

Na shida haikubaki kwenye miti. Mwaka 2009, kundi la watafiti wa Lubumbashi na Leuven, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, lilichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko walioishi mbali, hata kama hawakufanya kazi mgodini. Mwaka 2014 ulifuata uchunguzi mwingine wa kutafuta kobalti inapitia wapi. Jibu kwa watu wazima wa sehemu zilizochafuliwa: njia kubwa ni chakula, na zaidi mboga zinazolimwa palepale. Kwa watoto, vumbi nalo lina sehemu kubwa, maana mtoto hucheza chini kisha hutia mkono mdomoni.

Hatari hii haijawa historia. Mwezi wa 11 mwaka 2025, maji machafu ya kampuni ya CDM yalifurika katika mitaa ya watu hapa Lubumbashi, na waziri wa madini, Louis Watum Kabamba, akasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Kiwanda kinaweza kufungwa kwa barua moja. Metali zikiisha kuingia kwenye udongo wa bustani, hazitoki kwa barua. Hazioti kutu zikaisha, wala hazioshwi na mvua ya msimu mmoja.

Hapo ndipo faida ya kweli ya mfuko inapoonekana. Mwenye lupango karibu na tanuru hawezi kubadilisha ardhi yake yote, lakini anaweza kuchagua kilo 40 za udongo. Akijaza mfuko kwa udongo wa nyuma ya nyumba yake, amehamisha tatizo tu kutoka chini kwenda juu. Akileta udongo kutoka mbali na viwanda, malundo ya mabaki ya madini na bonde la mto unaopokea maji yao, amefanya kazi ya maana. Udongo wa kichuguu, ule wa vichuguu vikubwa tunavyoviona pande zote za Katanga, walimaji wetu wanaujua zamani, na una sababu ya kusifiwa: mara nyingi una chokaa ya asili kuliko udongo mwekundu unaouzunguka. Udongo wenye asidi huachilia metali ziende kwenye mizizi. Wenye chokaa na mbolea ya asili huzishika. Lakini kichuguu kilicho karibu na kiwanda nacho kimekula vumbi lilelile.

Kuhusu kupanga mfuko, majirani wa Kibera, Nairobi, walionyesha njia baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 na 2008, shirika la Solidarités lilipoeneza bustani za mifuko. Katikati ya mfuko unasimamisha kopo lisilo na kitako, unalijaza mawe madogo, unaweka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza kulizunguka, kisha unavuta kopo juu kidogo na kurudia hadi mfuko ujae. Ile nguzo ya mawe inapeleka maji mpaka chini. Miche inapandwa juu na katika matundu ya pembeni. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Iache ioze kwanza.

Chombo nacho kichunguzwe. Bidoni lililobeba asidi au dawa za viwandani lisiingie bustanini hata likioshwa mara kumi. Maji ya Regideso, ya mvua au ya kisima kilicho mbali na viwanda yanafaa. Maji ya Naviundu au ya mfereji wa Tshamilemba hapana. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5, mfuko usikae kando ya barabara ya vumbi. Majani yaoshwe vizuri kwa maji safi, ingawa kuosha kunaondoa vumbi la juu peke yake, si kile ambacho mzizi umekwisha kunywa. Na kwa aliye na shaka juu ya udongo wake, nyanya, bilingani na pilipili ni salama zaidi kuliko lengalenga, kwa sababu majani kwa kawaida hukusanya metali nyingi kuliko matunda.

Hata hivyo, si haki kumwachia mama mwenye mfuko kazi ya kutafuta kama udongo una risasi. Macho hayaoni kadimiamu. Anayeweza kupima ni maabara, na maabara inadai pesa. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya redevansi ya madini kwa mamlaka za chini, zile ambazo mgodi uko kwenye eneo lao, na inalazimisha kila kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii. Pesa hizo hujenga shule na vituo vya afya, na mara nyingine huacha ubao wenye jina la kiongozi. Kupima udongo wa bustani hakuna ubao wa kuzindua, labda ndiyo sababu hakuvutii watu. Lakini UNILU ina wataalamu wa kilimo na wa afya ambao wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, na matokeo mengi yako katika majarida ambayo mlimaji wa Katuba hatayasoma kamwe. Komine zinaweza kuanza na sehemu chache, mashule na mashamba ya mboga yanayolisha masoko, na kubandika matokeo mlangoni, kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa.