Kwa Nini Siku 7 Tu?

Mama mmoja ametuandikia kwa uchungu. Mtoto wake aliumwa sikio, akaandikiwa dawa ya maji yenye amoksisilini na asidi ya klavulaniki, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Augmentin. Mtoto alipopona, robo ya chupa ilibaki. Muuza dawa alikuwa amemwambia kwamba baada ya siku 7 kinachobaki kimwagwe. "Dawa ya bei kubwa hivi, hainuki wala haijabadilika rangi, niimwage? Au ni mbinu ya kutuuzia nyingine?"

Mama mwenzetu, tunakuelewa. Nani kati yetu hajawahi kuficha chupa kama hiyo nyuma ya kopo la majani ya chai, akingoja mtoto mwingine augue? Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Lakini siku hizo 7 hazikutungwa dukani. Zilipimwa maabara.

Ndani ya chupa hiyo mna dawa mbili. Amoksisilini ndiyo inayoua vijidudu. Ila vijidudu vingine hutengeneza kitu cha kuivunja kabla haijafanya kazi, na asidi ya klavulaniki huwekwa ili kukizuia kitu hicho. Shida ni kwamba dawa hizi mbili hazizeeki pamoja. Zikiwa unga mkavu hukaa miezi mingi, lakini zikishatiwa maji, ile ya klavulaniki huharibika upesi kuliko mwenzake, na joto huizidishia.

Kwa macho huwezi kujua. Hapo ndipo wataalamu hutumia mtambo wa kromatografia ya kimiminika. Jina lisikutishe. Kiini chake ni bomba jembamba la chuma, fupi kuliko rula ya shule, lililoshindiliwa chembe laini mno. Dawa kidogo sana huingizwa upande mmoja, na pampu husukuma kimiminika maalumu kwa nguvu. Kila dawa hupita kwa mwendo wake, kama akina mama wawili sokoni: mmoja hapotezi muda, mwingine huuliza bei kila meza. Klavulaniki hutoka kwanza, amoksisilini hufuata. Zikipita mbele ya mwanga usioonekana kwa macho, mtambo huchora mlima kwa kila moja. Dawa ikipungua, mlima wake hupungua, na vipande vya dawa iliyovunjika huweza kuchora vilima vyao.

Basi wataalamu huchanganya chupa, nyingine huziweka kwenye friji, nyingine kwenye joto, kisha hupima siku baada ya siku. Mlima wa klavulaniki ukishuka chini ya kiwango kinachokubaliwa, siku za chupa zimekwisha, hata kama amoksisilini ingalipo ya kutosha. Lebo nyingine huandika siku 10, kwa hiyo fuata ya chupa yako.

Ukimpa mtoto chupa ya mwezi uliopita, huenda unampa amoksisilini peke yake, nayo imechoka, huku sikio likiendelea kuoza.

Unga usifunguliwe mpaka siku ya kuanza dawa, maana hata unyevu wa hewa huuharibu. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo cha lebo, tikisa vizuri, kisha andika tarehe kwa kalamu juu ya chupa. Iweke kwenye friji, lakini isigande. Wasio na friji, nao ni wengi, wamwambie mfamasia kabla hajaichanganya. Vipo vidonge vya watoto vya mchanganyiko huohuo, ambavyo huyeyushwa kwa maji kidogo wakati wa kunywesha. Kila kidonge hubaki kikavu mpaka saa yake.

Na robo yako, mama, kama siku zake zimepita, imwage. Ila inatutia shaka. Je, mtoto alikunywa siku zote alizoandikiwa, au uliacha homa iliposhuka? Kama uliacha, mrudishe kwa daktari amtazame sikio.