Koti la Majani Makavu

Juma hili ukurasa wetu wapanda mlima. Askari waliowahi kulala kambini juu ya Rwenzori wanaufahamu mti ule wa ajabu, ambao kichwa chake ni fundo la majani mapana mfano wa kabichi, na shina lake limefunikwa kwa majani makavu yasiyoanguka. Wataalamu huuita senesio. Huko, kwenye mwinuko wa meta 4,000 hivi, jua la mchana huchoma, na usiku maji ya sufuriani huweza kuganda. Mmea wa Ulaya hupewa majuma mengi ya kujiandaa kuikabili baridi. Senesio hupewa saa chache tu za jioni.

Kinachoua jani hasa ni mahali barafu inapojitunga. Jani limejengwa kwa chembe hai ndogo sana zilizojaa maji. Barafu ikitokea ndani ya chembe hizo, huchana utando wake, na asubuhi jani hulegea na kuwa jeusi. Jani la senesio nalo huganda, hata likakakamaa. Lakini barafu yake hukaa nje ya chembe, katika nafasi zilizo baina yao. Huvuta maji kutoka ndani, na utomvu unaobaki huwa mzito, usioganda upesi. Jua likichomoza, barafu huyeyuka, maji yakarudi, na jani likaendelea na kazi yake.

Chipukizi changa hufichwa: magharibi inapoingia, majani makubwa hujikunja juu yake kama vidole vya ngumi. Jirani yake lobelia hutumia njia nyingine. Aina fulani za lobelia huhifadhi maji katikati ya majani. Usiku uso wa maji hayo huganda, na chini ya kifuniko hicho cha barafu chipukizi hukaa katika maji yasiyoganda.

Lakini shina la senesio ndilo linalotuhusu zaidi. Maji yaliyomo humo yakiganda, asubuhi majani yatapigwa na jua bila kupata kinywaji. Yale majani makavu ndiyo koti lake. Mwaka 1983 wataalamu Goldstein na Meinzer walitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika milima ya Venezuela, juu ya mmea wenye umbo na vazi kama hilo. Mimea iliyovuliwa majani makavu ilishindwa kupandisha maji vizuri baada ya usiku wa baridi, ikadhoofika. Basi, afande uliye doria mlimani, najua kwamba majani yale huwashika moto upesi na kwamba vidole vyako vimekufa ganzi. Hata hivyo, tafuta kuni kwingine. Mti huo hukua polepole mno, na unayemvua nguo leo hatapata nyingine kabla ya usiku.

Kwa akina mama na jamaa waliohamia vituo vya nyanda za juu wakitoka kwenye joto: hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Pandeni viazi mviringo kwenye mteremko. Majani yake hayastahimili jalidi. Usiku usio na mawingu wala upepo ndio wa kuogopwa. Jioni hiyo funikeni miche kwa nyasi kavu au magunia, na asubuhi mfunue ili ipate jua. Sukuma wiki haina haja ya hofu hiyo. Ikizoeshwa baridi kwa siku kadhaa huongeza sukari majanini, nayo huwa tamu zaidi chunguni. Na iwapo mtaamka mkute viazi vimekuwa vyeusi juu, msiving'oe kwa hasira. Ngojeni majuma mawili. Mara nyingi huchipua tena kutoka udongoni.