Kusema « iko mu Google » haitoshi: kutafuta habari ni kazi ya kujifunza

Tarehe 29 Mei 2021, siku ya posho, serikali huko Kinshasa ilitangaza kwamba mlima mwingine, Murara, umelipuka karibu na Goma. Wiki moja mbele, Nyiragongo ilikuwa imetapika moto, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi alikuwa ameomba wakaaji wa kartiye 10 za muji watoke. Watu walikuwa Sake, Minova, Rutshuru, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wakilala makanisani na mashuleni. Fikiria mama mwenye watoto watano kwenye sakafu ya shule akisikia kwamba volkano ya pili imefunguka.

Siku ile ile serikali ikarudi kusema hapana. Wataalamu walipita juu ya mlima kwa ndege, hawakuona mlipuko. Moshi ule ulikuwa wa watu wanaochoma makala.

Mimi nilikuwa Sake. Tangazo la kwanza nililituma katika groupe tatu za WhatsApp ndani ya dakika moja. La pili nililisoma usiku, nikalala. Sikulituma kwa mtu hata mmoja. Wiki nzima watu walinipigia simu kuuliza kuhusu Murara, na hapo ndipo nilielewa kwamba na mimi, mwandishi wa habari, nilikuwa nimefanya kazi nusu.

Tunazoea kusema shida yetu huku mashariki ni uvumi, ni « intox ». Wakati wa Ebola kule Mangina, Beni na Butembo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na wengi kati yetu tulisikia kwa masikio yetu watu wakisema ugonjwa haupo, ni biashara ya wakubwa. Januari 2025, vita ilipoingia Goma, muji ulikaa siku nyingi bila umeme, bila maji, na intaneti ikakatika. Mtu aliyepata ujumbe mmoja hakuwa na njia ya kuulinganisha na mwingine. Uvumi ni shida, sibishi. Lakini naona shida inaanza mbele ya pale: hakuna aliyetufundisha kutafuta. Shuleni muwalimu anaandika kwenye ubao, mwanafunzi anakopi, siku ya mtihani anarudisha ile ile. Mimi nilipata diploma ya taifa bila kugusa hata siku moja katalogi ya bibliotheki. Kiisha tunapewa telefone yenye dunia nzima ndani, na tunaifanyia vile tulifanyia ubao.

Mwezi uliopita dada mmoja wa mwaka wa pili chuo kikuu alikuja redioni. « Yaya, nisaidie, muwalimu anataka historia ya Nyiragongo, nimetafuta mu Google, iko mingi, sijue ya kweli ni gani. » Nilimwambia aketi. Tulichukua ulizo moja tu: mlima ule umelipuka mara ngapi katika siku za watu wanaoishi leo, na ulichukua roho za watu wangapi?

Mbele ya yote ilibidi tupange maneno, maana alikuwa anayachanganya, na wengi wanayachanganya. Aliita Google « intaneti ». Intaneti ni barabara zenyewe. Navigateri, kama Chrome au Firefox, ni moto unayopanda kupita katika barabara hizo. Google ni moteri ya kutafuta: mfananishe na motari anayejua maduka. Unamwambia unataka kitu gani, anakuonyesha milango. Site ni duka lenyewe, na duka lina mwenyewe. Kwa hiyo kusema « Google imesema » ni kama kusema motari ndiye aliyekuuzia sukari. Tena ujue motari huyu anakupeleka kwanza pale watu wengi wanakwenda, au pale amelipwa akupeleke. Ukiona neno « sponsorisé » juu ya jibu, hapo kuna mtu amelipa. Kuwa wa kwanza kwenye orodha siyo kuwa wa kweli.

Pili, jinsi ya kuuliza. Yeye aliandika sentensi ndefu, sawa vile unaandikia rafiki. Moteri inafanya kazi vizuri na maneno machache yenye uzito: jina la mlima, neno « éruption », mwaka. Tuliandika kwa Kifaransa, na hilo linauma kidogo kusema, lakini maandishi ya Kiswahili juu ya milima yetu wenyewe ni machache sana. Ukitaka maneno yafuatane vile vile, uyafunge ndani ya alama za kunukuu. Ukitaka vitabu na kazi za wanachuo tu, fungua Google Scholar, hiyo inaacha matangazo na maduka pembeni. Dakika tano, na ile « mingi » ikapunguka kuwa kurasa sita.

Hapo ndipo kazi ilianza kweli. Juu ya tarehe, wote walikubaliana: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, 22 Mei 2021. Mwaka 2002 moto ulipita katikati ya Goma mpaka ukaingia ziwani, ukala sehemu ya uwanja wa ndege na karibu asilimia 13 ya muji. Mwaka 2021 ulisimama Buhene, karibu na uwanja ule ule, na watu zaidi ya 30 walikufa. Lakini juu ya 1977? Ukurasa mmoja ulisema watu 70 hivi. Mwingine ukasema mamia. Wa tatu ukafika mpaka 2,000. Dada akacheka: « Sasa Yaya, si ulisema tutapata? »

Ndiyo tulikuwa tumepata. Mwaka ule ziwa la moto lililokuwa juu ya mlima liliondoka ndani ya muda usiofika saa moja, likashuka kwa mwendo ambao hauachi watu kukimbia, likafunika vijiji na watu wake. Nani alihesabu? Alihesabu namna gani? Kila tarakimu ina baba yake, na kazi ya mtafutaji ni kumjua baba huyo. Maulizo matatu yanatosha kwa kuanza: nani anasema, alisema mwaka gani, na yeye aliitoa wapi. Ukurasa usiojibu hata moja, uache. Wikipedia, ambayo waalimu wengine wanaikataza kabisa, naiona ni mlango mzuri kama unashuka mpaka chini, pale wanaandika habari wametoa wapi. Usiishie mlangoni.

Ukishuka chini hivyo utakutana na majina ya vitabu, na majina ya vitabu yanakurudisha bibliotheki. Najua jibu: bibliotheki gani? Katika miji yetu ni chache, zingine zimefungwa, zingine vitabu vyake viliporwa. Lakini ziko. Kule Lwiro, Kivu ya Kusini, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947 wakati wa Wabelgiji kimeweka rafu za vitabu na majarida ambayo mtu wa Ulaya angefunga safari kuja kuyasoma. ISP ya Bukavu ina kituo chake, CERUKI, ambacho kimetoa « Cahiers » miaka na miaka juu ya mambo ya Kivu. Vyuo vikuu na parokia nyingi vina chumba cha vitabu. Wanafunzi wanapita mbele ya mlango bila kuingia, na nadhani ni haya ya kutojua kuuliza.

Basi uingie hivi. Usiombe « kitabu cha volkano ». Omba katalogi, iwe vijikaratasi ndani ya kabati au orodha kwenye mashini. Unaweza kutafuta kwa njia tatu: jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, au mada. Jina la mwandishi linaanza na la ukoo: Tazieff Haroun, yule mtaalamu aliyeshuka ndani ya Nyiragongo, utampata kwenye T. Pembeni ya kitabu utaona namba, wanaiita kote. Ni anwani ya kitabu, sawa avenue na namba ya nyumba. Bibliotheki nyingi zinafuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876: mambo ya jamii ni 300, sayansi ni 500, ufundi na utabibu 600, historia na jografia 900, na historia ya Afrika ni 960. Volkano ziko kwenye 551.21. Ukishajua hiyo, angalia na vitabu vya kushoto na kulia. Mara nyingi kilichokusaidia siyo kile uliomba, ni jirani yake.

Usisome kitabu chote. Angalia orodha ya sura, na kwa vitabu vya Kifaransa mara nyingi iko mwishoni, wengi wanaitafuta mbele na kukata tamaa. Angalia pia indeksi, ile orodha ya maneno na namba za kurasa. Kiisha andika fishi: mwandishi, kichwa, muji na mwaka kitabu kilitolewa, na ukurasa. Ukurasa usiusahau. Nimeona mwanafunzi akirudi mara tatu kwa mguu juu ya ukurasa mmoja.

Hapa niseme neno juu ya mashini yenyewe, maana machozi mengi yanatoka huko. Kazi yako iliyoandikwa ni fishie. Fishie inakaa ndani ya dosie, kama karatasi ndani ya farde. Ukiandika bila kuiweka, bila « enregistrer », maneno yako kwenye ekra ni kama maneno kwenye mchanga: umeme ukikatika, yamekwenda. Na kwetu umeme unakatika. Bonyeza Ctrl na S kila ukimaliza aya. Weka kopi mbili, moja kwenye kle USB, nyingine jitumie kwa imeli. Kle inayopita katika kila sekretaria ya barabarani inarudi na virusi, kwa hiyo ile inayobeba kazi ya mwisho isiwe ile ya kubebea nyimbo. Na kwenye mashini ya watu, mbele ya kusimama, funga imeli yako. Neno lako la siri usikubali liwekwe pale.

Picha nazo zinajibu ukiziuliza. Ukitumiwa picha ya moto au ya maiti na kuambiwa « ni leo asubuhi », ipeleke ndani ya Google Lens au TinEye. Inakuonyesha kama ilikwisha kutoka miaka iliyopita, katika nchi nyingine. Haigunduwi kila kitu: picha iliyopigwa kweli jana na kuandikwa uongo chini yake, itapita. Lakini zile za zamani zinazofufuliwa, inazikamata.

Kuna atakayeniambia mega ni bei kali, na ana haki. Mwenye feza ya forfe ndogo ya WhatsApp hawezi kufungua kurasa sita. Kwa hao iko programu inaitwa Kiwix: unaishusha mara moja pale kuna intaneti nzuri, pamoja na Wikipedia ya Kifaransa au ya Kiswahili, kiisha unasoma bila mega hata moja. Shule moja yenye ordinateri moja ya zamani inaweza kuwa na bibliotheki ndani ya kle. Sijui kwa nini shule zetu hazifanyi hivyo wakati programu ni ya bure.

Lakini bei ya intaneti siyo shida ya wanafunzi peke yao. Mradi wa Benki ya Dunia uliosaidia Observatoire ya Volkano ya Goma ulikwisha mwaka 2020. Viongozi wake walieleza kwamba kwa miezi kadhaa walikosa hata intaneti ya kupokea habari kutoka kwa vyombo vilivyo mlimani. Intaneti ilirudi karibu na mlipuko, umechelewa. Muji wa watu wengi hivi, chini ya mlima wa mita 3,470, ulikuwa nusu kipofu juu ya faktire ya intaneti. Nikisikia viongozi wakisema habari ni mambo ya wasomi, nakumbuka hiyo.

Na sasa vijana wameanza kuuliza zile programu zinazojibu zenyewe, ChatGPT na wenzake. Zinaandika Kifaransa kizuri kuliko changu. Lakini zinaweza kukupa kitabu ambacho hakipo, na mwandishi wake, na mwaka wake, bila haya. Dada wetu alikuwa na kimoja cha namna hiyo kwenye orodha. Tulikitafuta katika katalogi mbili, tukakikosa. Akakifuta mwenyewe, kwa hasira.

Alirudi juma lililofuata na fishi zake, akauliza aandike tarakimu gani kwa 1977, maana muwalimu anataka jibu moja. Nikamwambia aandike zote tatu, kila moja na mwenyewe wake, na mwaka. Muwalimu alimuuliza kwa nini tatu. Akamweleza, dakika kumi mbele ya darasa.