Sadaka Twampa, Elimu Twamnyima



Kisa cha Abdallah bin Ummi Maktum (r.a.) si kigeni kwako. Alikuwa kipofu. Alikwenda kwa Mtume Muhammad (s.a.w.) mjini Makka kutaka kufundishwa, saa ambayo wakubwa wa Makureshi walikuwa wamekaa wakizungumzishwa. Uso ukakunjwa, kipofu akapewa mgongo. Ndipo ikateremshwa Sura ya 80, Abasa. Wafasiri wamehitilafiana juu ya nani aliyekunja uso. Hawakuhitilafiana juu ya nani aliyetetewa. Aliyetetewa ni kipofu. Wala hakutetewa kwa kuwa alinyimwa chakula, au nguo, au senti. Alitetewa kwa kuwa alikuja kutaka elimu, akapuuzwa.

Basi nakuuliza: leo anayekunja uso ni nani?

Kila Ijumaa, penye mlango wa msikiti, twamtilia kipofu sarafu mkononi. Vyema, sadaka ina thawabu zake. Lakini tukishapita, je, tumewahi kujiuliza ni nani aliyemfikisha pale? Alipokuwa na umri wa miaka saba, nani alimpeleka skuli? Alipofika skuli, nani alimfundisha? Tumezoea kumhurumia mtu kwa miaka sitini ili tusitaabike kumfundisha kwa miaka saba. Huo ni ubahili uliovaa kanzu ya ukarimu.

Pengine utasema: zamani hapakuwa na njia. Leo njia ipo, na ni wajibu uijue. Ipo programu ya kompyuta inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Asiyeona husikia kila herufi anayoiandika, kila mstari anaoupitia, kila kitabu anachokifungua. Mojawapo yaitwa NVDA. Aliyeianza mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, kwa sababu programu za namna hiyo ziliuzwa kwa bei ambayo vipofu wengi hawakuimudu. Mwenziwe James Teh, naye pia haoni, akashirikiana naye. Wakaitoa bure kwa watu wote, na hata leo ni bure. Yasoma kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Nazo simu za Android zina programu ya TalkBack, isiyolipiwa hata senti moja. Huenda simu iliyomo mfukoni mwako sasa hivi yaweza kumsomea kipofu, nawe hukujua.

Faida yake ni nini? Chukua jambo moja tu. Mtoto asiyeona huandika kwa nukta nundu, na mwalimu wake wa historia hazijui nukta hizo. Kazi yake hukaa kumngojea mtu wa kuifasiri. Wenzake wamekwisha sahihishiwa na kuonyeshwa makosa yao. Yeye bado angoja. Kwa kompyuta huandika mwenyewe, na mwalimu akasoma papo hapo kama anavyowasomea wengine. Mtoto huyo ametoka katika hali ya kusemewa akaingia katika hali ya kusema. Sisemi nukta nundu ziachwe, la hasha! Sikio peke yake halimfundishi mtu tahajia, na vidole vyapasa kuijua herufi. Nasema viwili hivyo viende pamoja.

Sasa njoo nikuonyeshe aibu yetu. Nilizuru skuli moja, sitaitaja. Niliambiwa kuwa wanafunzi wasioona wamepewa kompyuta na wafadhili. Siku ya kuzipokea palisomwa risala, pakapigwa picha, pakaliwa pilau. Nilipoomba kuziona nilipelekwa kwenye kabati lililofungwa kwa kufuli. Mmoja wa walimu akaniambia, "Hawa tukiwapa watazivunja." Nikamwuliza nani aliyewafundisha kuzitumia. Akanyamaza. Hapana aliyewafundisha, kwa sababu hapana mwalimu aliyefundishwa.

Kompyuta bila mwalimu ni sanduku. Kumfundisha asiyeona ni fani yenye adabu zake. Hawezi kuanza na kipanya, maana kipanya chataka macho. Huanza na kibodi. Juu ya herufi F na J kuna vijinundu viwili, na hapo ndipo vidole vya shahada hupata makazi yao. Kutoka hapo mtoto huzijua herufi nyingine kwa hatua za vidole, kisha vitufe vya mishale, kisha amri za kuruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine. Sauti huanza polepole, na sikio likizoea huongezwa kasi. Ni kazi ya wiki nyingi na subira nyingi. Mwalimu asemaye "bonyeza pale" hajafundisha kitu. Pale wapi? Na mwalimu anyakuaye mkono wa mtoto na kumbonyezea amejifundisha nafsi yake. Anayetaka kufundisha fani hii na aizime skrini yake, akae gizani pamoja na mwanafunzi, asikilize. Au afadhali zaidi, aajiriwe mtu asiyeona aliyekwisha bobea, awe yeye mwalimu.

Najua majibu yatakayoletwa.

Wa kwanza atasema: "Huyu amehifadhi Qur'ani, yamtosha." Subhanallah! Mbona mwanao aonaye, aliyehifadhi kama yeye, umempeleka chuo kikuu? Twafundishwa kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu. Katika "kila" hiyo, macho yameshartiwa wapi?

Wa pili atasema kompyuta ina fitna. Ndiyo, inayo, na ulimi unayo, na soko linayo. Twawafunza watoto wetu adabu ya soko, hatuwafungii ndani. Iweje fitna ikumbukwe siku ile tu kipofu anapotaka kusoma?

Wa tatu atasema kuwa haya ni majaaliwa ya Mungu, tusubiri. Upofu ni majaaliwa, twakubali. Lakini ujinga wa yule kipofu ni kazi ya mikono yetu. Mwenye kusubiri ni aliyepatwa na mtihani. Wewe uliyepewa macho mtihani wako ni mwingine, nao ni kuulizwa uliyatumia kwa nini.

Wa nne atasema kipofu hatafika mbali. Huyo hajui historia ya umma wake. Ibn Ummi Maktum alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.), na zaidi ya mara moja aliachiwa Madina Mtume aliposafiri. Sheikh Abdulaziz bin Baz alipoteza macho ujanani, na kuanzia 1993 hadi kufa kwake 1999 alikuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia. Taha Hussein, kipofu tangu utotoni, mwaka 1950 alifanywa Waziri wa Elimu wa Misri. Zingatia jambo moja: Ibn Ummi Maktum aliadhini alfajiri baada ya kuambiwa na watu kwamba kumekucha. Jicho lilikuwa la mwingine, adhana ilikuwa yake. Mufti alikuwa na wanafunzi wa kumsomea. Taha Hussein alikuwa na wa kumsomea. Mtoto maskini wa kijijini hana katibu. Mashine hii ndiyo katibu wake, nasi tumeifungia kabatini.

Wa tano atasema hakuna fedha. Programu ni ya bure. Kompyuta kuukuu yaweza kutosha kuanzia. Fedha yatakiwa kwa mwalimu, na tumekwisha kuona fedha zikipatikana kwa mazulia mapya wakati ya zamani hayajachakaa.

Wala tusiitegemee serikali peke yake. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga sheria yake. Kenya iliridhia 2008. Hayo ni mema. Lakini sheria haimshiki mtoto kidole kukipeleka kwenye herufi F. Hiyo ni kazi ya mtu.

Basi, ndugu msomaji, mambo ni matatu. Kama una mtoto asiyeona, usimfiche. Mpeleke skuli, na uulize kompyuta ziko wapi na nani azifundishaye. Kama u katika kamati ya msikiti au madrasa, tengeni fungu la kumsomesha mwalimu mmoja tu wa fani hii, naye atawafundisha wengine. Kama u mwalimu, fungua kabati.

Na Ijumaa ijayo ukitia sarafu katika mkono ule ulionyooshwa, ushike kidogo. Fikiri kwamba mkono huo ungaliweza kuandika.

Mwenyezi Mungu atuepushe na nyuso zilizokunjwa, na atujaalie kuwa katika wenye kufundisha. Amin.